Tairi Lenye Moto Halipimwi

Ukitaka kujua kama gari limepita kwake, hukuhitaji kuuliza. Uliinama tu, ukatazama kile kijiti cha kujazia upepo. Kama kina doa jekundu, basi limepita kwa fundi wetu wa matairi. Alikuwa mtu wa tambuu, asubuhi mpaka jioni, na kila alipomaliza kujaza upepo alilamba kidole, akapaka mate pale kwenye kijiti, akangoja aone kama patatoka povu. Mate yale yalikuwa mekundu, na wekundu wa tambuu ukishakauka kwenye mpira haubanduki kwa maji ya bomba. Nusu ya magari ya Diani yalitembea na mate ya mzee yule, na ya watalii yamo, nao wala hawakujua.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu mwenyewe aliniomba nisilitaje. Wengine nitawataja, maana wao hawajaniomba kitu, hata radhi hawajaniomba. Na shule nimeishia darasa la nne, kule Samburu ya Kinango, ambako mbuzi wa baba walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachunga. Kwa hivyo msinitafutie makosa ya kuandika. Nitafutieni uongo, kama mtaupata.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa hoteli niliyokuwa nikiendesha magari yake, upande wa kuingizia vyakula na gesi. Makuti juu, matairi kuukuu pande tatu kama ukuta, na kompresa iliyokuwa ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Umeme wa kompresa ile ulitoka hotelini, kwa waya uliopitishwa juu ya ukuta. Waya ule muukumbuke.

Nyuma ya sikio hakuweka kalamu, aliweka chaki. Alipewa na mwalimu mmoja wa Ukunda aliyekuwa akizibiwa pancha za baiskeli. Kila tairi alilopima aliliandika ubavuni ile namba aliyoikuta, si ile aliyoiweka. Nilimwuliza kwa nini. Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini watu hunawa.

"Nitakayoiweka mimi naijua. Mwenye gari ndiye anafaa ajue alikuja na nini."

Na alipima asubuhi tu. Akitoka msikitini alfajiri anaanza, jua likishapanda juu ya minazi anaiweka geji mfukoni, na hapo hata angekuja waziri. Kazi nyingine atafanya, kuziba pancha, kubadilisha mpira, lakini kupima hapimi. Siku moja saa sita mchana alikuja dereva wa teksi, jasho linamtoka.

"Mzee shikamoo. Nipimie upepo mbio mbio, nina watu."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Likoni."

"Basi kaa kivulini."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka tairi lisahau Likoni."

"Aa, mzee, wewe nawe! Nimekwambia nina abiria!"

"Nenda kituo cha petroli, mwanangu. Wale hupima hata maiti."

Yule bwana akaondoka akitukana, mzee akatema tambuu, akanigeukia. "Tairi likitoka njiani ni kama mtu aliyetoka kugombana. Ukimwuliza saa ile atakujibu kwa kifua. Mwache apoe, ndipo atakwambia la kweli."

Maneno yale niliyachukua kuwa ya matairi tu.

Nisimpambe lakini. Alikuwa na mdomo mchafu, na alipenda kutaniana mpaka mtu akaudhika. Mimi aliniita "mtu wa mbuzi" miaka yote. Alikataza watu kukalia tairi, "tairi si kigoda," na mwenyewe alilalia matairi mawili kila adhuhuri, mdomo wazi. Baiskeli yake gurudumu la nyuma lilikuwa limelegea hata ringi ikigonga mawe, unamsikia toka mbali, ka-ka-ka, fundi wa upepo huyo anakuja. Tulipomcheka alisema daktari hajipasui. Tena alichukia waongo. Alishawahi kumfukuza mteja wake mkubwa kwa kuwa alisema tairi lake lina mwezi mmoja, naye amelitazama na kuona lina miaka. Mtu kama huyo, mimi niliamini, siku nikiwa na shida atanisemea.

Sasa niseme ninaloliandikia. Mwanasiti, aliyekuwa akifua nguo kwenye dobi la hoteli, alikufa kwenye gari nililoliendesha mimi. Mamake, Bi Mwanajuma wa Msambweni, aliletewa habari kuwa dereva alikuwa akikimbiza gari. Mke wangu ni wa Msambweni pia, na nilipotoka hospitali mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, kazi sina, tukahamia kwao, nyumba ya tano kutoka kwa Bi Mwanajuma. Siku ya kwanza nilikwenda na magongo yangu nikasimama uani kwake. Alikuwa akisuka ukili.

"Shikamoo, Bi."

Hakujibu. Akaendelea kusuka. Nikarudia. Akageuza mkeka, akaanza upande wa pili.

Mtu wa pwani anajua maana yake. Mtoto hata kama amevunja mtungi huitikiwa marahaba, kisha ndipo apigwe. Kila siku nilipita mbele ya mlango ule, kila siku nikatoa shikamoo yangu, kila siku ikabaki njiani. Kazi yao sikuitaka tena. Mguu sikuutaka, utautaka wa nini ukishazikwa? Nilitaka ile marahaba.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la abiria wanane, mwenye hoteli alilileta kutoka kwao ng'ambo. Pale mbele ya dereva lilikuwa na taa ndogo ya manjano, imechorwa kama tairi lililokatwa, na alama ya mshangao katikati. Hatukuwa tumeiona taa ya namna ile. Ilipowaka mara ya kwanza, Salim Mwakazi, mkuu wetu wa usafiri, alisema ni breki. Tukabadilisha breki, taa ikawaka vile vile. Nikalipeleka kwa mzee.

Alilizunguka, akapima manne yote, tairi moja limepungua kidogo. Akatafuta na sabuni, akapata msumari mwembamba kama mwiba wa samaki. Akaziba, akajaza. Taa bado inawaka. Ilimkera taa ile! Alishinda amekaa mbele ya usukani kama anayegombana nayo. Kitabu cha gari kilikuwamo lakini kwa lugha ya huko kwao. Basi siku ya pili akamkamata mgeni mmoja, mzungu mzee aliyekuwa akija hotelini kila mwaka na kujua Kiswahili cha kuombea chai, akamkalisha juu ya tairi, naam, juu ya tairi, akampa kitabu. Wazungu wana subira wakitaka. Yule mzee alisoma, akatafuta maneno, akakosa, akainuka akaanza kutembea kivyake, mguu mmoja barazani na mmoja chini, akichechemea kibanda kizima. Wapishi wakatoka jikoni kuja kucheka. Fundi hakucheka. Alikuwa ameelewa.

"Gari hili halijui upepo," alinieleza jioni ile, macho yanang'aa kama kijana aliyeposa akakubaliwa. "Linahesabu hatua. Mtu mfupi na mtu mrefu wakiongozana, mfupi atapiga hatua nyingi, sivyo? Tairi likilegea limekuwa fupi. Linazunguka mara nyingi kuliko wenziwe, gari linaona, linawasha taa."

"Na mbona umejaza na bado inawaka?"

"Kwa sababu hujaliambia." Akanionyesha kitufe kidogo chini ya usukani. "Unajaza kwanza, manne yote, yakiwa baridi. Kisha unabonyeza hapa, unashikilia, mpaka taa ikonyeze mara tatu. Hapo umeliambia: hivi ndivyo sawa, kumbuka. Lakini sikiza, mtu wa mbuzi. Ukibonyeza na matairi yamelegea, umelifunza uongo. Nalo litaushika uongo ule kama mtoto anavyoshika tusi."

Akamwita Mwakazi naye akamwonyesha. Alimwonyesha kwa furaha, kama mtu anayegawa halua. Mara mbili, mara tatu, jaza, baridi, bonyeza. Mwakazi akawa anaitikia "ndiyo mzee, ndiyo mzee," na redio ya mawasiliano inamlia kiunoni.

Kisha zikaja zile vurugu za Likoni, wageni wakakimbia, na baada yake mvua ile ya El Nino. Vyumba vitupu. Amri ikatoka hakuna kununua kitu kipya. Tairi moja la nyuma lilipokwisha, Mwakazi akaleta kuukuu, tena la saizi nyingine, dogo. Taa ikawaka siku ile ile. Mimi na wenzangu tukatafuta pancha mpaka tukachoka. Mzee alichukua kamba, akalizungushia tairi hili na lile, akaweka kamba mbili pamoja, akacheka.

"Halina ugonjwa. Mmemleta mtu mfupi wenyewe, halafu mnauliza mbona anapiga hatua nyingi."

Akasema litafutwe la saizi moja. Mwakazi akasema sawa, akaingiza mkono chini ya usukani, akabonyeza, taa ikakonyeza mara tatu ikazimika. Siku ile ndiyo Mwakazi alijifunza. Yale maneno mengine yote yalimpita, akabaki na kidole.

Asubuhi ya msiba nilikuwa sijafika kazini. Mpishi mmoja alifiwa na babake kule Msambweni, meneja wa wafanyakazi, Festus Ochola, akaruhusu watu saba waende kuzika na gari lile. Nilikuja saa nne, nikakuta gari limeoshwa, linang'aa, funguo ndani. Taa haikuwaka. Nilitazama, Mungu ni shahidi, kutazama taa ile lilikuwa jambo langu la kwanza kila siku. Mwanasiti alipanda wa mwisho, na kapu la sukari na majani ya kupeleka matangani. Akaniambia, "Leo usitupige vumbi, nimevaa leso mpya." Tulipopita Gazi, mwendo wangu haujafika themanini, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari likaacha njia, likaishia kwenye mnazi. Ulikula mguu wangu na ubavu wa gari aliokaa Mwanasiti.

Ochola aliita kikao ofisini kwake. Mimi niko na magongo, kidonda hakijafunga. Mwakazi alisema amenionya mara nyingi juu ya mwendo. Hajanionya hata mara moja. Akaitwa fundi wa matairi. Aliingia na kikoi chake kisafi, chaki nyuma ya sikio, shavu limejaa tambuu asiyojua pa kuitemea. Nikasema moyoni, amekuja wangu.

"Mzee," Ochola akamwuliza, "asubuhi ile taa ya matairi ilikuwa inawaka?"

Mzee akanitazama mimi, akamtazama Mwakazi, akatazama dirishani.

"Gari lilipotoka haikuwa inawaka."

"Kwa hiyo tairi lilikuwa zima. Ahsante, inatosha."

Nikangoja aendelee. Alisimama pale kama anayengoja swali la pili. Halikuja. Akatoka nje, nikamsikia akitema, na hakurudi ndani. Ochola akaandika: mwendo wa kasi. Aliyoyaandika ndiyo yaliyopelekwa Msambweni pamoja na pesa za rambirambi.

Alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Angesema uongo ningepata pa kushika.

Nilianza kushona akala, viatu vya matairi, maana mikono ninayo na kisu ninacho. Nikapata na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Na matairi kuukuu nani alikuwa akiniletea? Yeye. Kila mwezi hivi, lori la mchanga linasimama, utingo anashusha mawili matatu, "ametuma yule mzee wa tambuu," halafu linakwenda. Hakuwahi kuja mwenyewe wala hakuwahi kutuma salamu. Nilimchukia, na matairi yake nikayakata. Mwenye njaa huchukia huku anakula.

Ikapita miaka miwili hivi. Asubuhi moja, umande haujakauka, namwona anakuja, ametoka barabarani kwa miguu, anabingirisha tairi moja mbele yake kama watoto wanavyobingirisha ringi. Amekonda. Amefika, hakutoa salamu. Aliinama kwanza kwenye baiskeli yangu, akatoa geji, akapima magurudumu matatu, akaandika namba kwa chaki kwenye kila moja.

"La mbele liko chini," akasema.

"Nalijua."

"Hamjambo hapa?"

"Tunaishi."

Nikavuta lile tairi alilokuja nalo, nikachukua kisu. Mwezi ule nilikuwa nimeishiwa.

"Hilo usilikate."

"Umeniletea la kazi gani basi, la mapambo?"

"Hilo ni lile." Akakaa chini, kwenye mchanga. "Nililitoa nyuma ya gereji siku walipoleta mabaki. Limelala chini ya kitanda changu tangu siku ile. Mke wangu ananiuliza, nasema ni la mteja."

Nikatazama. Upande umepasuka mdomo mzima. Na kile kijiti cha upepo bado kimo kwenye kipande cha ringi, kina doa jekundu.

"Alfajiri ile nililipima," akasema. "Matairi mengine yote yalikuwa sawa. Hili lilikuwa na kumi na tisa. Liwe na thelathini na tatu, lina kumi na tisa. Kijiti kinavuja, nikakipaka mate, povu hilo. Taa inawaka. Nikaandika kumi na tisa kwa chaki, kubwa, nikamwambia Mwakazi gari hili lisitoke, nakwenda Ukunda kununua kijiti kipya. Nimerudi, gari hakuna. Kwenye ndoo pale kuna kitambaa kimejaa chaki. Aliifuta namba, akabonyeza taa ikazimika, mwenyewe alinijibu hivyo nilipomwuliza. Mate hakuyajua."

"Na kikaoni?"

"Kikaoni niliulizwa taa."

"Mzee!"

"Najua. Nilikuwa na waya wao juu ya ukuta, kompresa ikizimwa sina kibanda. Hilo la kwanza, na wala si kubwa." Akachukua chaki nyuma ya sikio, akaigeuza geuza. "Kubwa ni kwamba kile kitufe, nani aliyemfunza? Ni mimi. Kama nisingekuwa na kiherehere cha kuijua taa ile, ingewaka mpaka leo, na gari lingelala. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo, nitakuwa nimejitaja nami. Basi nikanyamaza. Sasa nimeshindwa."

Nilikuwa na maneno ya miaka miwili, nimeyapanga. Nilimtukana kwa Kiduruma, ambacho hakijui, kisha kwa Kiswahili, ambacho anakijua. Nilipokwisha akasema, "Nionyeshe nyumba ya mamake."

Tukaenda, mimi kwenye baiskeli, yeye anabingirisha tairi kando yangu. Nyumba tano tu. Bi Mwanajuma alikuwa uani, na ukili wake.

"Assalaam alaykum, Bi."

"Waalaykumu salaam. Karibu." Akaniona mimi nyuma yake, akainamisha uso kwenye kazi.

Mzee akalilaza tairi mbele yake, akalipasua zaidi kwa mikono mpaka ndani pakaonekana. "Bi, tia kidole hapa. Zungusha." Yule mama akatia kidole. Kilipotoka kilikuwa cheusi, unga wa mpira umekijaa. "Tairi lililopasuliwa na jiwe au na mwendo lina jeraha moja. Hili limesagika ndani duara zima. Lilitembea limelegea, likijila lenyewe, toka Diani mpaka pale Gazi. Dereva hakuambiwa. Aliyejua ni Salim Mwakazi, alifuta na kuzima taa. Na aliyejua ni mimi, nikaulizwa nikajibu nusu. Mwanao hakuuawa na huyu."

Bi Mwanajuma akakitazama kidole chake cheusi. Hakukifuta. Mimi nikapata wazimu gani sijui, badala ya kungoja, mdomo ukanitoka kama ulivyozoea kunitoka kila siku mbele ya mlango ule.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Kisha mzee akasema, "Nami nakuomba radhi, Bi." Akangoja. Yule mama akashika ukili wake, akapima upana kwa shubiri, akaendelea kusuka. Akarudia, "Niwie radhi." Ukili ukaendelea. Mimi nilikuwa naujua ule ukimya, nimekaa nao miaka miwili. Sikujua kwamba ukipewa mwingine nao unauma.

Tukarudi taratibu, jua limeshapanda juu ya minazi, mchanga unaunguza. Tairi tuliliacha uani kwake. Tulipofika kwangu mzee hakuingia kivulini. Alipiga goti kwenye gurudumu langu la mbele, akatoa geji mfukoni, akaibandika. Saa tano ile, gurudumu limetoka njiani, mtu ambaye asingempimia waziri. Akaisoma namba. Akatafuta chaki nyuma ya sikio, haipo, imeanguka huko huko.

"Mzee," nikamwambia, "lina moto hilo."

Hakuinua kichwa.

"Liache lipoe," nikasema. "Njoo ukae."